Kuiongezea maktaba ya kusoma PDF uwezo wa kufungua faili zilizosimbwa: tuanzie wapi?

mwani_na_msimbo (Jambiani)

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Ninasimamia maktaba ndogo ya programu, iliyoandikwa kwa lugha ya Go, ambayo husoma faili za PDF na kutoa maandishi na majedwali yaliyomo. Wanaoitegemea zaidi ni vikundi vya ushirika vya wakulima wa mwani wa huku kusini, kwa sababu juu yake tumejenga programu ya hesabu inayosoma taarifa ya benki ya kikundi na kuilinganisha na daftari la mshika fedha. Kazi ilikwenda vizuri mpaka benki moja ilipoanza kutuma taarifa zilizosimbwa kwa nenosiri. Maktaba yetu haina habari yoyote ya usimbaji. Ikipewa faili ya aina hiyo hurudisha idadi sahihi ya kurasa, kisha hushindwa kufumua mkondo (data iliyobanwa) wa ukurasa wa kwanza na kusimama hapo hapo.

Kinachonisukuma kuuliza si usumbufu wa kunakili tarakimu kwa mkono peke yake. Washika fedha wameanza kuzipandisha taarifa hizo kwenye tovuti za nje zinazoahidi kuondoa nenosiri bure, na wanapofanya hivyo wanamkabidhi mtu wasiyemjua faili pamoja na nenosiri lake. Fedha zile ni za kina mama waliosimama majini tangu maji kupwa hadi kujaa, na sioni sababu ya hesabu zao kupita katika kompyuta ya mgeni ilhali kazi yote inaweza kufanyika katika simu ya mshika fedha mwenyewe.

Nina maswali matatu. Usimbuaji ukae sehemu gani ya msimbo ili usitapakae kila mahali? Je, tuhangaike na RC4, algoriti ya zamani ya usimbaji ambayo kila mtu anasema imepitwa na wakati, au tuanze na AES, iliyo mpya zaidi, moja kwa moja? Na tatu, faili nyingine zinafunguka lakini zimewekewa alama ya kukataza kunakili maandishi. Maktaba ifanye nini inapokutana na alama hiyo?

fundi_wa_malindi

Waalaykumu salaam ndugu yangu, na Mungu aubariki mradi wako. Nitajibu lile la pili kwanza kwa kuwa ndilo linalopanga kazi yote.

Usiiache RC4. Wewe unasoma faili za watu, hutengenezi zako, kwa hiyo umri wa algoriti hauko mikononi mwako. Fungua faili kwa kihariri cha maandishi, nenda kwenye mkia wake penye neno trailer, na utaona kitu kama `/Encrypt 52 0 R`. Ifuate objekti ya 52, yaani kipande cha faili chenye namba hiyo, na utakuta kamusi (orodha ya majina na thamani zake) yenye `/Filter /Standard`, `/V` (aina ya algoriti), `/R` (toleo la kanuni zake), `/P` (ruhusa), `/O` na `/U` (za kuhakiki nenosiri la mmiliki na la mtumiaji). Namba mbili za V na R ndizo zinazokwambia uko zama gani. V 1 na R 2 ni RC4 yenye ufunguo wa biti 40, ya tangu siku za sheria za Marekani za kudhibiti usafirishaji wa teknolojia ya usimbaji. V 2 na R 3 ni RC4 hadi biti 128, iliyokuja na PDF 1.4 mwaka 2001. V 4 na R 4 ilileta vichujio vya usimbaji, ambapo `/CFM /V2` bado ni RC4 na `/CFM /AESV2` ni AES ya biti 128. V 5 ni AES ya biti 256: R 5 ilitoka na Acrobat 9 mwaka 2008, na R 6 ndiyo iliyoingia katika kiwango cha PDF 2.0, yaani ISO 32000-2, mwaka 2017. Mifumo mingi ya kutoa taarifa na risiti ilijengwa miaka ya R 3 na haijaguswa tangu hapo, kwa hiyo ukiruka RC4 utakuwa umewaruka watumiaji wako wenyewe. Jambo jema ni kwamba Go ina RC4, AES, MD5 na SHA (hizi mbili ni hesabu za kugeuza data kuwa alama fupi) zote katika maktaba yake ya kawaida, na hutahitaji kuongeza tegemezi hata moja.

Ufunguo wa faili kwa R 2 hadi R 4 hupatikana hivi. Chukua nenosiri, lijazie mpaka lifike baiti 32 kwa tungo maalumu inayoanza na `28 BF 4E 5E`, ambayo kiwango kimeiandika yote. Unganisha baiti 32 za `/O`, kisha `/P` kama baiti nne zinazoanza na ile ndogo, kisha tungo ya kwanza ya `/ID` iliyo kwenye mkia wa faili. Ikiwa ni R 4 na `/EncryptMetadata` ni false, ongeza baiti nne za FF. Pitisha vyote katika MD5, na kwa R 3 na R 4 rudia MD5 mara 50 zaidi, kila mara ukitumia baiti n za mwanzo tu, n ikiwa ni urefu wa ufunguo. Baiti n za mwanzo za matokeo ya mwisho ndizo ufunguo.

Kuhakiki kama nenosiri ni sahihi, kwa R 3 na R 4, linganisha baiti 16 za mwanzo za `/U` peke yake. Kumi na sita zilizobaki ni za kujazia, na kila programu huweka inachotaka, kwa hiyo ukilinganisha 32 zote utawakataa watu wenye nenosiri sahihi.

Na kabla hujamuuliza mtumiaji chochote, jaribu nenosiri tupu. Faili nyingi zinazosemekana kuwa wazi kwa hakika zimesimbwa kwa nenosiri tupu la mtumiaji (la kufungulia) na nenosiri la kweli la mmiliki (la kubadilishia ruhusa). Kisomaji huzifungua kimya kimya, na mwenye faili hana habari kwamba imesimbwa.

maalim_wa_chake

Nakubaliana na fundi. Nitaongeza kuhusu swali la kwanza, mahali pa kuweka usimbuaji, kwani hapo ndipo nimeona miradi mingi ikiharibika.

Weka usimbuaji mahali pamoja tu: pale ambapo objekti inasomwa kutoka kwenye faili kwa namba yake, kabla haijaingia katika akiba ya kumbukumbu. Sababu ni kwamba hadi R 4 kila objekti ina ufunguo wake. Unachukua ufunguo wa faili, unaongeza baiti tatu za chini za namba ya objekti na mbili za namba ya kizazi, na ikiwa ni AES unaongeza baiti nne `73 41 6C 54`. Unapitisha katika MD5 na kuchukua baiti n + 5, zisizozidi 16. Objekti ya 12 ya kizazi 0 itaongezewa `0C 00 00 00 00`. Sasa fikiri msimbo wa kutoa fonti au picha ukitakiwa kujua namba hizo: itabidi kila sehemu ya maktaba ibebe mzigo usio wake. Zaidi ya hayo, objekti ikihamishwa kwenda faili nyingine kabla ya kusimbuliwa hupata namba mpya, na ufunguo wake hautapatikana tena. Katika V 5 ufunguo wa faili hutumika moja kwa moja bila hesabu hii, lakini mahali pawe pale pale.

Vinavyosimbwa ni tungo na mikondo tu. Namba, majina na marejeo hubaki wazi, na ndiyo maana maktaba yako iliweza kuhesabu kurasa. Mkondo husimbuliwa kwanza, ndipo unapofumuliwa kwa Flate, njia ya ubanaji. Katika AES, baiti 16 za mwanzo za kila tungo au mkondo ni vekta ya mwanzo ya CBC (namna ya kusimba vipande vinavyofuatana, kila kimoja kikitegemea kilichotangulia), na baiti za kujazia zilizo mwishoni lazima ziondolewe.

Kisha kuna vitu visivyotakiwa kuguswa, na hapa naomba msomaji aende polepole. Tungo zilizo ndani ya kamusi ya `/Encrypt` yenyewe hazijasimbwa. `/ID` ya kwenye mkia haijasimbwa. Mkondo wa marejeo, ule wenye `/Type /XRef`, haujasimbwa. Thamani ya `/Contents` katika sahihi ya kidijitali haijasimbwa. Mkondo wa metadata huachwa wazi ikiwa `/EncryptMetadata` ni false, na mkondo wenye kichujio cha `/Crypt` kilichotajwa `/Identity` huachwa pia. Linalowasumbua wengi kuliko yote ni mikondo ya objekti, yaani `/Type /ObjStm`: mkondo wenyewe umesimbwa, lakini tungo za objekti zilizomo ndani yake hazikusimbwa mara ya pili. Ukizisimbua tena, maandishi ya kurasa yatasomeka vizuri huku jina la mwandishi, vichwa vya alamisho na thamani za fomu vikitoka takataka. Dalili hiyo ukiiona, usipoteze muda kuchunguza AES. Tazama kwanza objekti hizo zimetoka wapi.

Kwa majaribio, tafadhali usiweke taarifa halisi ya benki ya mtu katika hazina ya msimbo, hata akikubali. Tengeneza faili zako kwa qpdf, programu ya kushughulikia PDF kwa amri:

`qpdf --encrypt siri mwenyewe 256 -- wazi.pdf fiche.pdf`

Ukibadilisha 256 kuwa 128 na kuongeza `--use-aes=n` au `--use-aes=y` utapata zama nyingine, ingawa matoleo mapya ya qpdf yatakudai `--allow-weak-crypto` kwa RC4. Amri ya `qpdf --show-encryption --password=siri fiche.pdf` itakuonesha R, P na ruhusa, ili ulinganishe na kile ambacho msimbo wako umesoma.

mwani_na_msimbo (Jambiani)

Shukrani sana Maalim, na wewe fundi. Nimeandika R 2 hadi R 4 kwa mpangilio mliouonesha, na faili zote nilizotengeneza kwa qpdf zinafunguka, zikiwemo zenye mikondo ya objekti. Lakini taarifa za benki, ambazo ndizo chanzo cha kazi hii, zinajibu kwamba nenosiri si sahihi, ingawa nenosiri hilo hilo linazifungua katika kisomaji cha kawaida. Mwenye faili ameniruhusu kuweka hapa kamusi ya usimbaji bila O na U:

`<< /Filter /Standard /V 2 /R 3 /Length 128 /P 4294963392 /O (...) /U (...) >>`

Nimehakiki kuwa O na U zote zina baiti 32 kamili baada ya kufasiri alama za mkwaju wa nyuma, na `/ID` ipo.

fundi_wa_malindi

Itazame `/P`. Kwa kawaida huandikwa kama namba yenye alama ya biti 32, na kwa hiyo karibu kila mara utaiona ikiwa hasi. Programu iliyotengeneza faili hii imeiandika bila alama. Toa 4294967296 kutoka 4294963392 na utapata -3904, ambayo ni thamani ya kawaida kabisa: kila ruhusa imekatazwa. Baiti zake nne ni `C0 F0 FF FF`.

Nadhani unaisoma kwa `strconv.ParseInt` ukiipa ukubwa wa 32 na kutoangalia kosa linalorudishwa. Go ikikuta namba imezidi hurudisha kosa pamoja na namba kubwa kabisa inayowezekana, yaani 2147483647, ambayo baiti zake ni `FF FF FF 7F`. Baiti hizo zikiingia katika MD5 ufunguo unakuwa mwingine kabisa, na mtumiaji anaambiwa nenosiri lake ni baya. Soma kwa biti 64, kisha igeuze kuwa `uint32`. Kwa njia hiyo maandiko yote mawili yatatoa baiti zile zile.

Ukiwa hapo, shughulikia pia faili isiyo na `/ID` kabisa. Zipo, na visomaji vingi huichukulia kama tungo tupu.

sauti_na_skrini

Naomba kuingia kwenye swali la tatu, ambalo naona limepitwa, na mimi kwangu ndilo zito. Ninawasaidia wanafunzi wasioona katika skuli moja hapa Unguja, na kila muhula tunapokea vitini vilivyokatazwa kunakiliwa.

Alama za ruhusa katika `/P` si kufuli. Mtu mwenye nenosiri la mtumiaji anapata ufunguo ule ule wa faili anaoupata mmiliki, na baada ya hapo kila kitu kimesimbuliwa. Kinachobaki ni ombi la mwenye waraka kwamba programu isichapishe au isinakili. Kiwango kinazitaka programu ziliheshimu ombi hilo, na mimi sisemi lidharauliwe. Ninachosema ni kwamba maktaba ya programu, iliyo chini kabisa, haiwezi kujua nani anasoma na kwa nini. Biti ya 5 inahusu kunakili na kutoa maandishi. Biti ya 10 iliwekwa mahususi ili maandishi yaweze kutolewa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na PDF 2.0 imekwenda mbali zaidi: biti hiyo imeondolewa kazi yake, na programu ya kumsomea asiyeona haitakiwi kuzuiwa. Maktaba yenu ikikataa kutoa maandishi kwa sababu biti ya 5 imezimwa, itamfungia mlango mwanafunzi wangu, wakati kiwango chenyewe kimemfungulia.

Kwa hiyo maktaba izisome ruhusa kwa usahihi, izitoe kwa programu inayoiita kwa njia iliyo wazi, na iiachie programu hiyo iamue. Programu ya hesabu ya ushirika inasoma taarifa ya wenyewe, kwa nenosiri lao, kwa ajili yao. Msomaji wa skrini anamsomea mwenye haki ya kusoma. Andikeni hayo katika maelezo ya maktaba kwa maneno ya wazi, ili anayejenga juu yake ajue wajibu huo ni wake.

maalim_wa_chake

Dada amesema kweli, nami sina la kuongeza hapo.

Lililobaki ni R 6, ambayo najua utaifikia. Nenosiri sasa huandikwa kwa UTF-8 na hukatwa kwenye baiti 127. `/U` ina baiti 48: 32 za kuhakiki, nane za chumvi (baiti za nasibu) ya kuhakiki, na nane za chumvi ya ufunguo. Ufunguo wa faili ni baiti 32 za nasibu zilizofichwa ndani ya `/UE` na `/OE`. R 5 ilitumia SHA-256 mara moja tu, ikawa rahisi kubahatisha nenosiri kuliko hata katika R 4 yenye mizunguko 50 ya MD5. R 6 imekuja kurekebisha hilo kwa hesabu ndefu ya makusudi. Kila mzunguko unarudia nenosiri na K (matokeo ya SHA ya hatua iliyotangulia) mara 64, unasimba kwa AES ya biti 128, kisha unachagua SHA-256, SHA-384 au SHA-512 kwa kuzigawa baiti 16 za mwanzo za matokeo kwa 3 kama namba moja kubwa na kutazama baki. Huhitaji hesabu ya namba kubwa: 256 ikigawanywa kwa 3 hubaki 1, kwa hiyo kujumlisha baiti hizo 16 na kugawa jumla kwa 3 kunatoa jibu lile lile.

Sehemu ya kusimamia ndiyo inayowakosesha watu. Maliza mizunguko 64 kwanza. Kuanzia hapo, simama pale ambapo baiti ya mwisho ya matokeo ya AES haizidi idadi ya mizunguko iliyokwisha ukitoa 32. Ukianza kuhesabu vibaya kwa mzunguko mmoja, faili nyingi bado zitafunguka na chache zitakataa, na utaisaka hitilafu hiyo kwa muda mrefu. Kwa hiyo jaribu kwa faili nyingi zenye manenosiri tafauti, usitosheke na moja. Kiwango cha ISO 32000-2 kinapatikana bila malipo tangu 2023 kupitia PDF Association. Kisome mwenyewe usitegemee maneno yangu.

Tahadhari ya mwisho ni kwamba usimbaji huu hauthibitishi kwamba faili haikuchezewa. Mwaka 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Bochum na Münster nchini Ujerumani walionesha kwamba mtu anayeweza kuibadilisha faili iliyosimbwa, bila kujua nenosiri, anaweza kuipachika viungo au fomu zitakazotuma yaliyomo nje pindi mwenyewe atakapoifungua, na visomaji vyote 27 walivyovijaribu viliathirika kwa namna moja au nyingine. ISO imetoa waraka wa TS 32003 wa mwaka 2023 unaoongeza AES-GCM, inayogundua faili iliyochezewa, lakini faili za kila siku bado ni za CBC. Maktaba inayotoa maandishi tu ina nafuu kubwa: isifuate kiungo chochote, isitekeleze kitendo chochote kilichomo ndani ya faili, na isiguse mtandao kabisa.

mwani_na_msimbo (Jambiani)

Ilikuwa ni `/P`, kama alivyosema fundi. Taarifa za benki sasa zinafunguka, na jumla za majedwali zinalingana na za daftari.

Nimepanga makosa matatu yaliyo mbalimbali, ili programu ya juu imwambie mtumiaji ukweli: nenosiri linahitajika, nenosiri si sahihi, na usimbaji wa aina isiyotambulika. Awali yote yangetoka kama faili mbovu, na mshika fedha angelazimika kuiomba benki faili nyingine bila sababu. Ruhusa zinasomwa na kutolewa kama alivyoshauri dada, bila maktaba kuzuia lolote, na maelezo yake nimeyaandika juu kabisa katika ukurasa wa mwanzo. Nenosiri halihifadhiwi popote baada ya ufunguo kupatikana. Kuandika faili zilizosimbwa hatutakugusa kwa sasa.

R 6 imeandikwa na inapita majaribio kwa faili za qpdf zenye manenosiri ya urefu tafauti, yakiwemo yenye herufi za Kiarabu. Kwa manenosiri hayo bado sijaweka SASLprep, kanuni ya kusawazisha herufi za nenosiri, ambayo kiwango kinaitaka kabla ya kugeuza nenosiri kuwa UTF-8. Mwenye uzoefu nayo katika Go naomba aupitie msimbo katika tawi la usimbaji kabla sijaliunganisha, na mwenye Acrobat anisaidie faili mbili tatu za R 5 na R 6 zisizo na taarifa za mtu yeyote, kwani za hapa zote zimetoka kwa chombo kimoja.

fundi_wa_malindi

Faili za Acrobat nitakutengenezea mimi, nenosiri la zote litakuwa `karafuu`. SASLprep niachie pia, nimewahi kuiandika kwa kazi nyingine. Nitaleta marekebisho juu ya tawi lako.